Kabla hujaagiza virusi: namna ya kuzidisha jeni ya LPL ukiwa Lubumbashi

Wanafunzi wanaopita kwenye labo yetu hapa Lubumbashi huniuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: "Yaya, nichukue lentivirusi au AAV?" Anayeuliza huwa ameshafungua katalogi, ameona bei akashika kichwa, na sura ya mbinu ya memwari (tasnifu) yake imeshaanza kuandikwa. Mimi humrudishia swali: utapima nini, na utakipimia wapi? Kama hana jibu, katalogi ifungwe kwanza. Virusi hivyo, lentivirusi na AAV, ni kibebeo tu cha kuingizia jeni kwenye seli. Kinachoamua kazi itafaulu au itakwama ni tabia za protini unayotaka seli itengeneze kwa wingi, na protini za mafuta zina tabia za ukorofi.

Nitaeleza kwa mfano wa jeni moja, LPL, kwa sababu ndiyo niliyoizoea na ndiyo yenye karibu mitego yote. Kama kazi yako ni jeni nyingine ya mafuta, LDLR, APOE au PCSK9, fuata mwendo huu huu ukibadilisha namba. Na ieleweke tangu mwanzo: hapa nazungumzia seli zilizo kwenye sahani za labo, na virusi vilivyonunuliwa tayari au kutengenezwa na labo rafiki yenye vifaa. Kutengeneza virusi mwenyewe ni kazi nyingine, na kwa labo ya mwanafunzi sioni faida yake.

Ijue protini kwanza

LPL ni lipasi ya lipoprotini, yaani kimeng'enya cha kukata mafuta. Hukaa upande wa ndani wa kapilari za misuli, za moyo na za tishu ya mafuta, ikikata trigliseridi zilizobebwa na kilomikroni na VLDL, chembe za mafuta za kwenye damu, ili asidi za mafuta ziingie kwenye tishu. Mtu aliyezaliwa bila LPL inayofanya kazi, plazima yake huwa nyeupe kwa mafuta, na hatari inayomwandama ni uvimbe wa kongosho.

Jeni hii ina heshima yake katika historia ya tiba. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliidhinisha Glybera, AAV ya aina ya 1 iliyobeba LPL na kudungwa kwenye misuli ya miguu. Ilikuwa tiba ya jeni ya kwanza kupata kibali huko. Ugonjwa wenyewe humpata mtu mmoja hivi kati ya milioni, bei ilikaribia euro milioni moja kwa mgonjwa, na mwaka 2017 kampuni ya uniQure iliacha kibali kiishe muda wake. Naitaja kwa sababu ya kikazi: LPL iliyokuwa ndani ya Glybera haikuwa ile ya kawaida. Lilikuwa umbo la S447X, lililopungukiwa na asidi amino mbili za mwisho, ambalo watu wanaolirithi huwa na trigliseridi za chini kidogo. Kwa hiyo hata wewe, kabla ya kusema "nataka LPL", sema unataka LPL ipi.

Na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. LPL huzaliwa na asidi amino 475, lakini 27 za mwanzo ni ishara ya kuitoa nje ya seli, nazo hukatwa njiani. Zinabaki 448. Makala za zamani huhesabu kuanzia baada ya mkato. Hifadhidata za leo huhesabu kuanzia methionini ya kwanza. Ndiyo maana S447X ya makala moja ni S474X ya makala nyingine, na kwa mabadiliko mengine, D9N ni D36N na N291S ni N318S. Ukiagiza badiliko la nafasi ya 132 bila kutaja hesabu unayoifuata, kampuni inaweza kukubadilishia asidi amino nyingine kabisa, na utakuwa huna wa kumlaumu. Kwenye agizo bandika mfuatano mzima wa asidi amino, namba iwe nyongeza tu. Mfuatano wa mRNA uko kwenye hifadhidata ya NCBI kwa namba NM_000237, protini iko UniProt kwa P06858. Pakua zote mbili, zilinganishe, kisha weka nakala kwenye simu na kwenye USB kwa ajili ya siku ambazo intaneti imelala.

Tabia ya pili: LPL ikishatoka nje ya seli haielei kwenye midia, yale maji ya lishe ya seli. Hujishikiza kwenye heparani salfeti, zile sukari ndefu zenye chaji hasi zilizofunika uso wa seli. Ukipima midia peke yake utaona kidogo sana na utahitimisha kwamba virusi havikufanya kazi. Weka heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), yuniti 10 hivi kwa mililita, ndipo kimeng'enya kitaachia na kuonekana. Nimeona memwari nzima ikiandikwa kueleza "kushindwa" ambako heparini ya hospitali ingekumaliza mchana mmoja.

Tabia ya tatu ndiyo inayowaumiza walio makini zaidi. Ili LPL ikunjwe sawasawa ndani ya retikulamu ya endoplazima, inahitaji msaidizi aitwaye LMF1. Ukiilazimisha seli itoe LPL nyingi kuliko LMF1 iliyo nayo, protini hurundikana humo ndani bila kazi. Westan bloti, kipimo cha kuonyesha protini kwa kingamwili, itakuonyesha mstari mnene wa kupendeza, na kipimo cha kazi kitakupa karibu sifuri. Hapo usikimbilie kuongeza virusi. Punguza, au ingiza LMF1 pamoja na LPL. Wengi wanaotengeneza LPL kwenye seli za HEK293 (seli za labo zilizotoka kwenye figo ya binadamu) huchukua njia hiyo ya pili.

Hesabu ya mzigo

Dereva wa lori anayeelekea Kasumbalesa anaweza kubembeleza watu wa mizani, AAV haibembelezeki. Kutoka ncha hadi ncha hubeba besi (herufi za DNA) 4,700 hivi, na ncha zenyewe mbili zinakula 290. Chukua kalamu tuhesabu LPL: ncha 290, promota (swichi ya kuwasha jeni) ya CMV 600, jeni yenyewe 1,428, kipande cha WPRE cha kuimarisha mRNA 600, mkia wa poliA 225. Jumla 3,143. Ukiongeza GFP, protini inayong'aa kijani, pamoja na kiungo cha 2A, takriban 780, unafika 3,923. Inaingia bila shida.

Sasa LDLR, jeni ya kipokezi cha LDL (lipoprotini inayobeba kolesteroli). Jeni peke yake ni 2,583, na kwa vipande vilevile unapata 4,298. Weka GFP uone: 5,078. Imezidi. Utachagua mwenyewe uache GFP, uache WPRE, au ubadili kibebeo. Hesabu hii inachukua dakika tano, lakini kuna watu hugundua jibu lake baada ya kulipa.

Jeni nyingine za mafuta ni ndefu zaidi: ABCA1 ina besi 6,786 na FASN inapita 7,500. Lentivirusi hubeba 8,000 hadi 9,000 hivi kwa jumla, kwa hiyo jeni hizo mbili zinaweza kujaribiwa humo, ila kadiri mzigo unavyokua ndivyo idadi ya virusi hai inavyoshuka. APOB, inayopita 13,000, kati ya vibebeo vya kawaida haiingii popote isipokuwa kwenye adenovirusi iliyoondolewa jeni zake zote. Mwanafunzi mwenye APOB kichwani namwambia atafute swali jingine.

Ukiwa bado na kalamu mkononi, angalia mambo mengine mawili ya mchoro. La kwanza ni lebo, zile asidi amino chache za kukusaidia kuitambua protini kwa kingamwili. Kwa protini inayotoka nje ya seli usiiweke mwanzoni kabisa, kwa sababu itakatwa pamoja na ishara ya usafirishaji. Iweke mwishoni, na iwe fupi. La pili ni GFP: usiishone kwenye mwili wa LPL, itenge. Kiungo cha 2A huitenga lakini huacha asidi amino kama 20 zimening'inia kwenye mkia wa protini ya kwanza. IRES, kiungo cha aina nyingine, haiachi kitu, ila inachukua besi karibu 600 na protini ya pili hutoka kidogo. Mimi hupendelea GFP isiwepo kabisa kwenye vekta (kibebeo) ya LPL, iwe kwenye vekta ya ulinganisho peke yake.

Promota ya CMV ni kali siku za mwanzo, lakini kwenye baadhi ya seli hunyamazishwa kadiri wiki zinavyopita. Kwa seli utakazozitunza muda mrefu chukua EF1α. TBG, promota ya ini, iache kwa wenye panya.

Kibebeo kipi, sasa

Ukiwa na majibu hayo, uchaguzi unakuwa mwepesi kiasi. AAV ni ya wanyama. Kwenye seli za sahani, hasa HepG2 (seli za ini za binadamu), aina zake nyingi huingia kwa shida, na AAV8 iliyosifika kwa ini la panya itakuvunja moyo kwenye plastiki. Kama chuo chako hakina nyumba ya panya inayoeleweka, iweke kando.

Adenovirusi huingia kwenye HepG2 vizuri sana na protini hujaa ndani ya siku moja au mbili. Haijichomeki kwenye DNA ya seli, hivyo seli zikigawanyika hupungua hadi kuisha. Kwa jaribio la wiki moja inafaa. Kuna onyo moja tu: usiitumie kwenye HEK293. Adenovirusi za labo zimenyang'anywa jeni za E1 zisiweze kuzaliana, lakini HEK293 wanazo E1 hizo mwilini mwao. Ukiziweka pamoja virusi vitaanza kuzaliana na seli zitakufa, halafu utaandika kwamba LPL ni sumu.

Lentivirusi hujichomeka kwenye DNA ya seli na kukaa. Ukichagua kwa puromisini, dawa inayoua seli ambazo hazikupata virusi, unapata seli zinazotoa LPL mwezi hadi mwezi, unaweza kuzigandisha na kuzifufua. Kwa mazingira yetu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote: virusi unavitumia mara moja, baada ya hapo unatunza seli, na seli ni rahisi kuzitunza kuliko virusi.

Lakini mtu wa mafuta akichukua lentivirusi lazima ajue jambo ambalo mtu wa saratani anaweza kulipuuza. Lentivirusi nyingi za kuuzwa zimevikwa protini ya VSV-G, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba VSV-G huingia kwenye seli kupitia kipokezi cha LDL na ndugu zake. Fikiria maana yake. Ukiotesha seli kwenye seramu isiyo na lipoprotini, zinaongeza vipokezi vya LDL, na virusi huingia kwa wingi zaidi. Ukiwa umeshazidisha PCSK9, ambayo huviteketeza vipokezi hivyo, virusi vya pili vitaingia kwa shida. Basi sahani zote za siku ya kuambukiza ziwe kwenye midia ileile na seramu ileile, hata kama baadaye utazitenganisha. Tofauti ya kolesteroli ianze baada ya virusi kuondolewa.

Plazimidi ndiyo ianze

Kabla ya kutumia hela ya virusi, jaribu mchoro wako kwa plazimidi, duara la DNA lenye jeni yako. Ingiza plazimidi kwenye HEK293 kwa lipofeksheni (DNA huingizwa ikiwa imefungwa kwenye mafuta), subiri siku mbili, weka heparini, pima. Kama LPL haifanyi kazi hapo, virusi havitaifufua.

Plazimidi ina faida nyingine ambayo wenzetu wa Ulaya hawaioni: inasafiri bila barafu. Addgene, shirika lisilo la faida lililoanza mwaka 2004, hutuma plazimidi zikiwa ndani ya bakteria waliochomekwa kwenye kichupa cha agari, katika joto la kawaida. Kifurushi kikikaa dwane (forodha) kidogo, bakteria wanavumilia. Virusi kwenye barafu kavu havivumilii: barafu ile hupotea hewani kila siku kifurushi kinapongoja saini, na mkoba unaofika uwanja wa ndege wa Luano ukiwa mwepesi umeshakupa habari. Labo rafiki inaweza pia kudondosha plazimidi kwenye karatasi ya kuchujia, ikazungushia duara kwa penseli na kuitia kwenye bahasha. Ukiipata, kata duara, loweka kwenye bafa ya TE kidogo, chukua maji yake uwape bakteria. Makaratasi ya makubaliano ya kupokea mali ya kibayolojia husainiwa na chuo, si na wewe, kwa hiyo anza kumfuata mwenye saini mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Virusi vyenyewe, kama ni lazima, ama jaribio lifanyike kwenye labo rafiki yenye friza ya -80 isiyotegemea bahati, nawe uende huko na plazimidi yako iliyokwisha kuthibitishwa, ama viletwe hapa siku ambayo seli zako zimeshaoteshwa na kusubiri. Mpango wa "tutavihifadhi tutumie polepole" hauafikiani na delestaji, umeme unaokatwa kwa zamu. Lentivirusi ikiyeyuka na kugandishwa tena hupoteza nguvu kila mara. Siku inapofika, igawe kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja.

Ulinganisho

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wasimamizi wa memwari wanapokuangusha, na wana haki. Seli zisizo na virusi hazitoshi kuwa ulinganisho. Kuingiziwa virusi ni msukosuko tosha, na puromisini ni msukosuko mwingine. Unahitaji vekta ileile yenye GFP mahali pa LPL, iliyoingizwa kwa kiwango kilekile na kupitia dawa ileile.

Hata hiyo haijibu swali gumu zaidi: mafuta yamebadilika kwa sababu LPL inakata trigliseridi, au kwa sababu seli imelemewa na kutengeneza protini yoyote ya kutoka nje? Zaidi ya hapo, LPL hata isipokata kitu inaweza kushika lipoprotini na kuzisogeza karibu na seli. Njia ya kutenganisha ni LPL iliyouawa kazi. Kitovu chake cha ukataji kina asidi amino tatu: serini 132, aspateti 156 na histidini 241, kwa hesabu ya zamani. Badilisha serini hiyo iwe alanini (ni nafasi ya 159 kwa hesabu mpya, kumbuka mtego) na utapata protini yenye ukubwa uleule, inayopita njia ileile, isiyokata. Ukiwa na GFP, LPL hai na LPL iliyouawa, una kazi inayoweza kusimama mbele ya jopo. Fedha zikibana, punguza idadi ya jeni unazochunguza, lakini LPL iliyouawa usiiondoe.

Siku ya kuambukiza

Soma kwanza kizio kilichoandikwa kwenye kichupa. Lentivirusi huuzwa kwa TU kwa mililita, yaani chembe zilizothibitishwa kuingia kwenye seli. AAV huuzwa kwa idadi ya jenomu, hai na mfu pamoja, ndiyo maana watu hutumia jenomu 10,000 hadi 100,000 kwa kila seli bila kushangaa. Ukichukua namba ya AAV ukaitumia kwenye lentivirusi utaua kila kitu.

MOI ni idadi ya chembe hai kwa kila seli, na watu hudhani MOI ya 1 ina maana kila seli imepata kimoja. Sivyo. Virusi hutua kwa bahati. Kwa MOI ya 1, asilimia 63 ya seli hupata angalau kimoja na 37 hazipati kitu. Kwa 3, asilimia 95 zimepata, nyingi zikiwa na nakala kadhaa. Kwa 0.3 ni asilimia 26 tu zilizopata, lakini katika hizo, 86 kwa mia zina nakala moja. Kwa LPL mimi ningeanza na 0.3 hadi 1 kisha nichague kwa puromisini, kwa sababu ya ile habari ya LMF1: nakala nyingi si lazima ziwe kazi nyingi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kisima chenye seli 200,000, MOI ya 1, virusi vya TU milioni 100 kwa mililita: unahitaji TU 200,000, yaani mikrolita 2. Kipimo kidogo hivyo hakipimiki vizuri, kwa hiyo punguza virusi kwa midia kwanza, mara kumi, halafu uweke mikrolita 20. Na ujue kwamba TU ya kampuni kwa kawaida ilipimwa kwenye HEK293 au seli nyingine rahisi. HepG2 zako zinaweza kuwa ngumu zaidi. Tumia virusi vya GFP kwa MOI ya 1, 3 na 10, hesabu seli zinazong'aa, ndipo uguse kichupa cha LPL.

Otesha seli jana yake. HepG2 hupenda kujikusanya mafungu mafungu, na seli iliyofichwa katikati ya fungu virusi haviioni. Zitenganishe vizuri kabla ya kuzipanda. Polibrini, hadi mikrogramu 8 kwa mililita, husaidia virusi kusogea kwenye seli. Yenyewe ina chaji chanya na heparini ina chaji hasi, hivyo siku hiyo heparini isikaribie sahani. Acha usiku kucha, asubuhi badilisha midia. Puromisini ianze baada ya saa 48, kwa kiwango ulichokitafuta mwenyewe kwenye seli zako zisizo na virusi: jaribu 0.5 hadi 5 za mikrogramu kwa mililita, chagua kiwango cha chini kabisa kinachoua zote ndani ya siku tatu hivi. Kiwango cha makala ya mtu mwingine ni pa kuanzia tu.

Kama unafanya haya Agosti, ziba madirisha. Vumbi jekundu la mwisho wa kiangazi lina kuvu wa kutosha kumaliza inkubeta nzima.

Kupima

Anza na mRNA kwa PCR ya kupima kiasi, na hakikisha praima zako (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) zinalingana na mfuatano uliouagiza. Kama uliruhusu kampuni ibadilishe kodoni (herufi tatu tatu zinazotaja kila asidi amino) ili jeni itoke kwa wingi, praima za LPL ya asili hazitashika kitu. Kisha westan bloti, ya ndani ya seli na ya midia yenye heparini, ukizitenganisha. Uwiano kati ya hizo mbili ndio utakaokuambia kama LPL imekwama ndani.

Kipimo cha kazi ndicho chenye thamani. Wenye hela hutumia trioleini yenye mionzi au viambata vinavyong'aa. Wapo wanaotumia p-nitrofenili butireti kwa kuwa ni rahisi na hugeuka njano. Siipendi: esterasi yoyote inaikata, na haihitaji apoC-II, protini ya damu inayoiwasha LPL. Njia ninayoipendekeza kwetu ni emulsheni ya mafuta ya dripu, Intralipid, ambayo mfamasia wa hospitali anaijua. Changanya na albumini ya kupokea asidi za mafuta, na seramu ya binadamu iliyopashwa joto la 56 ili vimeng'enya vyake vife huku apoC-II ikibaki, kisha weka sampuli yako na upime asidi huru za mafuta kwa kiti ya rangi. Bila apoC-II, LPL iliyo nzima kabisa itaonekana imelala.

Kila sampuli ipimwe mara mbili, moja ikiwa na chumvi ya kawaida na nyingine ikiwa na NaCl ya molari 1. HepG2 hutoa lipasi ya ini yao wenyewe, ambayo chumvi nyingi haiizuii, ilhali LPL huzimwa. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo LPL yako. Fanya haraka na juu ya barafu, kwa sababu kimeng'enya hiki kikikaa kwenye joto la mwili nje ya seli hupoteza nguvu upesi.

Ukitaka picha, rangi ya Oil Red O ni nafuu na hadubini ya kawaida inatosha. Chuja rangi siku hiyohiyo, la sivyo utapiga picha ya fuwele. Ila usitegemee matone ya mafuta yaongezeke kwenye seli ambazo hukuzipa lipoprotini zenye trigliseridi. LPL hukata kilichopo nje. Kama nje hakuna kitu, hakuna cha kuingia.

Usalama na kumbukumbu

Virusi hivi haviwezi kuzaliana, lakini vinaweza kuingia kwenye seli zako wewe kama vinavyoingia kwenye za sahani. Kazi ni ya ngazi ya pili ya usalama: kabati la usalama wa kibayolojia, glavu, koti lililofungwa, na sindano zikae mbali. Javeli (dawa ya klorini) mpya iliyopunguzwa mara kumi, dakika 20 hadi 30, ndiyo ya kumwagia taka zote za maji. Alkoholi ya asilimia 70 inaua lentivirusi, kwa kuwa ina utando wa mafuta. AAV na adenovirusi hazina utando huo, alkoholi haizitoshi. Javeli ya sokoni hupoteza nguvu ikikaa juani, kwa hiyo nunua yenye tarehe. Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena kuhusu viumbe vilivyobadilishwa jeni, hivyo barua ya kamati ya chuo ipatikane kabla ya kifurushi kuondoka huko kitokako.

Kwenye daftari andika namba ya toleo la virusi, tarehe kichupa kilipoyeyushwa, MOI, seli zilikuwa zimepandikizwa mara ngapi, na saa umeme ulipokatika na kurudi. Seli zikishapita puromisini, gandisha vichupa sita au zaidi mara moja kabla ya jaribio lolote, na nusu yake ikae kwenye nitrojeni au friza ya jengo jingine, lenye jenereta nyingine. Promota ikianza kunyamaza baada ya miezi, utarudi kwenye vichupa hivyo, upime LPL upya siku seli zinapofufuka, na uendelee.